Darasa Lenye Mlango Mmoja

Enzi zetu shule haikuwa na njia ya kumfikia mzazi isipokuwa mdomo wa mtoto. Nyie wa rika langu mliosomea Sumbawanga miaka ile mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni, mnajua ninachosema. Hakukuwa na simu, na karatasi ya kuandikia kila mzazi barua shule ingeitoa wapi, wakati sisi wenyewe tulikuwa tunakata daftari moja katikati ili litumike kwa masomo mawili? Jioni, kabla ya kutawanyika, kengele ya rimu ya gari iligongwa, tukapanga mstari huku upepo wa milima ya Mbizi ukitupiga mapajani, na Mwalimu Mkuu akatoa tangazo. Mkifika nyumbani waambieni wazazi kesho kila mmoja aje na kuni. Waambieni wazazi Alhamisi tunakwenda shamba la shule, mje na majembe. Mmesikia? Tulijibu ndiyo kwa sauti ya kutisha ng'ombe, tukatimka.

Sasa tangazo hilo lilitolewa kwa Kiswahili, likasafiri pamoja nasi kupitia kombolela, rede, mapera ya watu na ugomvi wa njiani. Lilipofika nyumbani lilikuwa limechoka. Wengi wetu tulilifasiri kwa Kifipa, watoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao walilifasiri kwa lugha yao, na kila mmoja alipunguza sehemu isiyomfaa. Tangazo la kuni lilifika. Tangazo la kwamba wanafunzi watoro wachapwe nyumbani pia, hilo sijawahi kusikia limefika kwa mtu yeyote. Asubuhi Mwalimu Mkuu aliuliza kama tumewaambia wazazi, tukasema ndiyo. Aliuliza wamesemaje, nasi shule nzima tukaitikia kwa pamoja: "Wamesema sawa!" Nimesoma pale miaka yote ya msingi, na sikumbuki hata siku moja ambayo wazazi wetu walisema kitu kingine.

Ukifanya kosa kubwa ulitimuliwa na kuambiwa usirudi bila mzazi. Hapo ndipo tulipomhitaji Mzee Kasiano. Huyu alikuwa kapera mwenye umri wa babu, fundi wa kukarabati majembe, mpenzi mkubwa wa pombe ya ulezi, na kwa kuwa hakuwahi kuoa wala kuzaa alikuwa na nafasi ya kuwa mzazi wa yeyote. Ulimpelekea kumbikumbi wa kukaanga kwenye jani la mgomba, au karanga, naye akavaa koti lake na kuja shuleni kukukanya mbele ya walimu kwa uchungu mpaka wewe mwenyewe unalia. "Mtoto huyu atanimaliza," alikuwa akisema, akitikisa kichwa. Walimu walimhurumia sana, maana kwa hesabu yao hakuna mtu mjini aliyejaliwa watoto watukutu kama yeye.

Hayo yalikuwa mawasiliano. Upande wa mafunzo, kulikuwa na kitabu cha Sayansi. Darasa letu la sita lilikuwa na nakala chache, tukikaa watu wengi kuzunguka kitabu kimoja, na mbele kidogo ya sura ya minyoo kulikuwa na kurasa ambazo hazikufunguka. Mwalimu Mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akitufundisha Sayansi, alizigandisha kwa uji wa muhogo, kitabu baada ya kitabu, kwa mkono wake. Ilikuwa sura ya mwili wa binadamu unavyokua. Alipofika hapo alikohoa, akasema hii mtaisoma wenyewe mkiwa wakubwa, akaruka hadi kwenye udongo na mbolea. Alikuwa mtu mzuri, mwenye haya ya kwao, na nadhani kama angelazimishwa kuifundisha sura ile angeomba uhamisho.

Bila shaka tuliifungua. Mimi na dada yangu Skola tulikiiba kitabu kwa siku moja, tukakishikilia juu ya mvuke wa chungu cha maharage cha mama hadi nyuso zetu zikaiva, na uji ukalegea. Kurasa zilipoachana, wino wote ulikuwa umebaki upande wa pili pamoja na gundi. Picha iliyosalia ilikuwa ya miguu, kuanzia magotini kwenda chini. Tuliiangalia kwa muda mrefu tukitafuta siri. Skola akasema kama ni hivi tu basi Mwalimu Mkuu ametusumbua bure, tukacheka mpaka mama akaja kuuliza maharage yana nini.

Skola alinizidi umri lakini tulikuwa darasa moja na dawati moja, kwa sababu alichelewa kuanza shule akimlea mdogo wetu. Katika hesabu hakuna aliyemkaribia. Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa hodari wa kuongea, yeye hodari wa kila kitu kingine, na majibu yangu ya majaribio yote mazuri yalitoka upande wake wa dawati. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba siku alipoacha kuja shule, mimi ndiye niliyeumia kuliko walimu.

Ilitokea katikati ya kipindi. Alinong'ona kwamba tumbo linamuuma, akafunga sweta lake kiunoni, akatoka bila kuomba ruhusa. Jioni nilimkuta jikoni amejikunja, mama anasonga ugali bila kusema neno. Kwetu mama hamwambii binti mambo ya mwili, hata afanyeje. Hiyo ni kazi ya bibi, maana bibi na mjukuu hutaniana na hakuna haya kati yao. Mama na binti wakiongea hayo, wote wawili watashindwa kuangaliana usoni hadi mavuno. Shida ni kwamba bibi yetu, Bibi Leokadia, mama yake mama, alikuwa kijijini kwao, Kate, na sisi tulikuwa tumehamia mjini baba alipoanza biashara ya maharage na mahindi. Watu wengi walihama hivyo miaka ile, biashara zilipofunguliwa. Walibeba vitanda, vyungu na watoto, wakawaacha mabibi kijijini pamoja na maneno yao yote.

Baba alisema kwa kifupi tu kwamba Skola amekua, akae nyumbani amsaidie mama yake. Hakusema kwa ukali. Kwa macho yake lilikuwa jambo la kawaida, msichana akikua shule huwa imekwisha, na kinachofuata ni wageni wenye adabu nyingi kuja kukaa sebuleni. Na wageni walianza. Mwenye mashine ya kusaga wa barabara ya Laela, ambaye hapo awali hakuwahi kutusalimu, alianza kupita na kuuliza hali za wote nyumbani, mmoja mmoja, akimalizia na Skola. Nilimchukia mtu yule mpaka leo sili unga wa mashine yenye sauti kama ile.

Hakuwa Skola peke yake. Ukiangalia darasa la sita ungeona upande wa wasichana umeanza kuwa na mapengo. Mwalimu wa darasa letu, Mwalimu Fausta, ndiye aliyeyaona. Alikuwa msichana mwenyewe, mgeni, ametoka mbali upande wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, na alikuwa bado hajajifunza kuogopa vitu ambavyo sisi wenyeji tunaviogopa. Alikuja nyumbani kumuulizia Skola. Mama akamjibu anaumwa. Akaja tena, mama akasema bado anaumwa. Mara ya tatu Mwalimu Fausta alicheka, akasema ugonjwa huo anaufahamu, hata yeye anao kila mwezi, na haukumzuia kuwa mwalimu. Mama aliinua kanga akafunika mdomo wake, na sikujua kama anacheka au anaona aibu.

Siku ile ile mama alifanya jambo la maana. Alikwenda stendi ya malori, akamtuma utingo wa lori la Namanyere linalopita Kate amwambie mama yake aje. Hakusema sababu. Bibi naye hakuuliza. Alishuka juu ya magunia mwanzoni mwa wiki, na jogoo kwapani, amejifunga mashuka kwa ajili ya baridi, akaingia jikoni moja kwa moja na kumwita Skola. Mlango ukafungwa. Nilibandika sikio nikaambulia vicheko tu. Skola alipotoka alikuwa mtu mwingine, amenyooka mgongo, ananitazama kwa dharau ya mtu aliyejua kurasa zile zilikuwa na nini.

Hapo suala la mwili lilikuwa limekwisha. Lilibaki la shule, na hilo liko mikononi mwa baba, na baba ni mkwe wake Bibi.

Nyie wa siku hizi mnaowakumbatia wakwe zenu na kula nao sahani moja, hebu tulieni niwaeleze. Bibi akiwa kwetu, baba alikuwa anaingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma. Hawakuangaliana, hawakusalimiana kwa mikono, hawakukaa chumba kimoja, na kupita mbele ya miguu ya mkwe aliyeketi ilikuwa aibu ambayo ungesimuliwa nayo hadi kijiji cha Muze. Na hawakuongea. Yaani waliongea, lakini kupitia kwangu. Bibi alikuwa nyuma ya pazia, baba yuko upande wa pili, wanasikiana hata wakipumua, na mimi nimesimama katikati. "Kosta, mwambie baba yako mvua ya kwao imeshanyesha." Nageuka: baba, Bibi anasema mvua imenyesha. "Mwambie bibi yako nimefurahi." Bibi, baba amefurahi. Kwa malezi hayo ningeweza kuwa balozi.

Bibi alijaribu njia hiyo kwanza. Nilitumwa kwa baba na swali kuhusu Skola, lakini baba hakuwa mjinga. Aligundua kwamba mtu asiyesimama mahali pamoja hawezi kufikishiwa ujumbe. Kila niliponyanyua mdomo alikuwa anavaa koti lake la kijani la mitumba na kuelekea sokoni. Chai alikunywa sokoni, chakula alikula sokoni. Bibi alikaa siku kadhaa na swali lake mdomoni mwangu, halina pa kwenda.

Wakati huo huo shuleni Mwalimu Fausta alikuwa amemshinda Mwalimu Mkuu. Alitaka kuifundisha sura ile iliyogandishwa, na alitaka kwanza wazazi waitwe wakubali. Jioni mstarini Mwalimu Mkuu alisimama mbele yetu kutoa tangazo, na maneno yakamgomea. Akasema waambieni wazazi Ijumaa mchana kuna kikao. Mtoto mmoja akauliza kikao cha nini. Mwalimu Mkuu akatazama mikaratusi, akasema kuna jambo. Jambo gani, mwalimu? Jambo la shule. Akaingia ofisini.

Mtoto hawezi kwenda nyumbani na ujumbe mtupu kiasi hicho, lazima aujaze. Njiani kulikuwa na waliosema shule inahamishwa, na waliosema Mwalimu Fausta anaolewa. Lakini ulioshinda ni ule wa kwamba limekuja lori la masweta ya mitumba kutoka kwa wafadhili na kila mzazi atakayehudhuria atapewa la kwake. Nani aliyeuanzisha sijui, ila ulikuwa msimu wa baridi na ulifika kila nyumba ukiwa mzima, hata kwa wasiokuwa na mtoto shuleni. Asubuhi tuliulizwa wazazi wamesemaje. Wamesema sawa.

Nyumbani nilimsimulia Bibi habari zote, kikao, masweta, Mwalimu Fausta na sura yake. Alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza kama baba yangu ataenda. Nikamwambia ataenda, nimemsikia akisema hilo la kijani limeanza kuchanika kwapa. Akachambua kidogo. Kisha akauliza swali ambalo niliona la ajabu.

"Hilo darasa la kikao lina milango mingapi?"

"Mmoja, Bibi."

"Na madirisha?"

"Yana nondo."

Akarudi kwenye maharage yake. Mchana huo alijifunga kanga nzuri akazunguka mtaani kuwasalimu mabibi wenzake, wale waliokuja mjini kuuguza, kulea vichanga au kutibiwa. Nilidhani ni salamu tu.

Ijumaa wanaume walijaa darasani kuliko siku yoyote katika historia ya shule ile. Waliwahi ili wachague masweta makubwa. Walibanana kwenye madawati yetu, magoti yakigusa videvu, wamama upande wa pili, na Mzee Kasiano mstari wa mbele akitabasamu kwa kila mtu. Sisi tulifukuzwa, tukaenda mbali, tukarudi kwa nyuma tukaning'inia madirishani, na walimu waliokuwa ndani hawakuweza kututimua bila kutoka. Skola alikuwa kando yangu, kanga kichwani, mara ya kwanza kufika shuleni tangu siku ya sweta kiunoni. Mkono wake ulikuwa umeshika nondo kwa nguvu.

Watu wote walipokaa, ndipo mabibi walipoingia, wa mwisho, polepole. Madawati yalikuwa yamejaa. Mwalimu Fausta alitaka kuwanyanyulia vijana wawapishe, Bibi Leokadia akasema hapana mwanangu, sisi wazee tunapenda hewa. Wakatandika mikeka yao mlangoni, kuanzia kizingiti hadi ubaoni, wakanyoosha miguu. Baba aliinamisha kichwa mara moja. Wanaume wengine kadhaa nao waliinamisha, kila mmoja amemwona mkwe wake.

Mwalimu Fausta akasimama. Aliwashukuru kwa kuja, akasema leo tunazungumza habari za mwili wa mtoto wa kike anapokua, na damu yake.

Nilikuwa sijawahi kuona wanaume wazima wakisimama kwa pamoja namna ile bila wimbo wa taifa. Kusikia neno hilo ni jambo moja, kulisikia mkwe wako akiwa pale mlangoni ni jambo lingine kabisa. Walisimama watoke, wakageukia mlango, na pale mlangoni ilikuwa miguu ya wakwe, imenyooshwa vizuri, haina hata upenyo wa kuku. Mwanaume mmoja alijaribu dirisha, akakutana na nondo na uso wangu. Wakabaki wamesimama, hawawezi kutoka, hawawezi kukaa. Mwishowe wakageuka wote wakatazama ukuta wa upande wa pili, ambako kulikuwa na ramani ya Afrika, na wengine wakavuta makoti juu ya vichwa. Mwalimu Fausta hakuelewa kilichotokea. Alidhani ni usikivu, akaendelea.

Na aliendelea vizuri. Alieleza kila kitu kwa sauti ile ya kufika barabarani, kwamba si ugonjwa, si aibu, na haimaanishi mtoto ameiva kwa ndoa. Inamaanisha anahitaji kitambaa safi, maji, na choo chenye mlango. Alionyesha pakiti ya pedi, ambayo maduka ya mjini yalikuwa yameanza kuuza na hakuna aliyejua ni nini. Kumbe muuza duka wetu alikuwa ameziweka pamoja na bandeji. Mwalimu Mkuu alikuwa amejificha nyuma ya kabati, tunaona viatu tu. Mzee Kasiano, ambaye peke yake hakuwa na mkwe duniani, ndiye mwanaume pekee aliyebaki amekaa, akauliza maswali mazuri sana. Mwalimu mmoja akamwandika jina na kumuuliza ana watoto wangapi hapa shuleni. Mzee Kasiano akatutazama sisi madirishani, nyuso zote zile alizowahi kuzilia, akasema, "Wengi." Tukaangua kicheko mpaka tukaziachia nondo.

Hapo Bibi akakohoa. Alisema Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini kazi hii ni yetu sisi mabibi, wewe umeichukuaje? Mwalimu Fausta hakukasirika. Alijibu kwa heshima kwamba angefurahi kuirudisha, lakini mabibi wako Kate na Muze, na watoto wako hapa, na damu haisubiri lori. Bibi alifikiri. Mabibi wengine walinong'ona. Kisha akasema haya, tutafundisha wote, na sasa nina ujumbe.

"Mwalimu, mwambie yule mwenye koti la kijani, ambaye mimi simjui, kwamba namuuliza binti yake amekosa nini."

Mwalimu Fausta alitazama koti la kijani, ambalo lilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Akasema bibi, si anakusikia? Wamama wakacheka hadi wakalaliana. Mama hakucheka, alikuwa ameshika shavu. Mwalimu Fausta akaelewa kwamba yeye ndiye mtoto siku hiyo, akaufikisha ujumbe neno kwa neno.

Baba alijibu akiitazama Afrika. "Mwalimu, mwambie aliyeko mlangoni mtoto hajakosa kitu. Amekua."

"Mwambie nami nilikuwa na binti akakua," Bibi alisema. "Nikamwacha shuleni, watu wakanicheka. Kisha nikampa yeye. Muulize, yale maandishi ya kwenye magunia yake, nani anamsomea?"

Kila mtu sokoni alijua. Baba alikuwa mfanyabiashara mkali kwa maneno, lakini herufi zilimpiga chenga, na asubuhi mama ndiye aliyemsomea kila kitu kabla hajatoka. Mwalimu Fausta alirudia swali kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Mgongo wa baba haukusogea. Niliona kwapa la koti lililochanika, na ghafla nikamhurumia kwa moyo wangu wote, maana alikuja kutafuta sweta tu.

Bibi akaendelea, taratibu zaidi. "Mwambie nilimpa mke anayesoma. Yeye anataka kumpa mwenzake mke wa namna gani?"

Kando yangu Skola alikuwa amefumba macho. Wanaume wenzake walikuwa wamekaza macho kwenye ramani.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "mwambie Jumatatu atakuja."

Mwalimu Fausta akageuka kwa Bibi, akasema kwa utiifu wa mtoto mdogo kabisa kwamba Jumatatu atakuja. Bibi akakunja miguu yake. Mabibi wengine nao wakakunja, njia ikafunguka, na wanaume wakatoka mbio wamefunika nyuso. Wa mwisho kutoka alikuwa Mzee Kasiano, akiuliza masweta yako wapi.

Jumatatu Skola alikaa kwenye dawati letu akanisogeza kwa kiwiko. Wasichana wengine nao walirudi, si wote. Wengine baba zao hawakuwa na mkwe mlangoni. Vitabu vya Sayansi vilipelekwa kwa Mwalimu Fausta, akafundisha sura ile bila picha, kwa maneno na chaki, huku wavulana wakitazama madawati. Mwenye mashine ya kusaga aliacha kutusalimu. Na baba, nawaapia, hakuwahi kulisema neno moja juu ya siku ile, ila alinunua sweta jipya.

Leo niko kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule anayosoma mwanangu wa mwisho. Juzi mwalimu ameandika kwamba wiki ijayo darasa la tano watafundishwa mabadiliko ya mwili, wazazi wenye maoni wafike shuleni. Yakaja madole gumba, ikaja mikono ya kuomba, mmoja akatangaza vitenge, mwingine akamtakia mtu heri ya kuzaliwa. Nilikwenda. Darasa lilikuwa na milango miwili na wazazi wa kuhesabika. Ujumbe wetu wa mdomoni ulifika umechakaa na kujazwa uongo, lakini watu walikuja. Mkwe wangu mwenyewe hunisalimia "Mama, mambo!", hunyoosha miguu kwenye kochi langu, na ananiambia kila kitu moja kwa moja usoni. Nampenda. Ila kuna siku natamani aniogope kidogo, nipate pa kumbana.

Bibi Leokadia alifariki akiwa mzee sana, tukamzika kwao Kate, upepo unavuma ule ule. Skola alichelewa kufika. Siku hizi ni mwalimu huko Mpanda, wa Sayansi, na alikuwa ametokea darasani na vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Watu walipokuwa wanaondoka kaburini, baba alibaki. Alikuwa ameshazeeka naye. Alisogea karibu kuliko alivyowahi kumsogelea maishani mwake, akavua kofia, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimsemesha mwenyewe.

"Mama," alisema, "Skola amefika."

Akasimama. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote ile, akanigeukia mimi, akasubiri. Nilikuwa mama wa watoto tayari, na sikuwa na ujumbe wowote wa kufikisha. Lakini nilisoma shule ya msingi Sumbawanga, na kazi hii nilifundishwa mapema.

"Baba," nikamwambia, "Bibi amesema sawa."